Daftari la usalama mwaloni lisichanganywe na ushuru

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie vikundi vya kujitolea vya usalama wa vyombo vidogo katika Ziwa Victoria, hasa huku kwetu Ukerewe na visiwa vyake. Kila ajali inapotokea, swali la kwanza redioni na vijiweni ni hili: boti ya uokoaji ilikuwa wapi? Ni swali la haki. Lakini mvuvi aliyepinduka saa nane usiku, kilomita 20 kutoka nchi kavu, amekosa kitu kingine kabla ya boti. Amekosa mtu wa nchi kavu anayejua kwamba yuko majini, ametokea wapi na alitarajiwa kurudi saa ngapi.

Ziwa hili lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Hakuna serikali itakayoweza kulizungushia boti za doria kila usiku, kila kona. Ndiyo maana anayefika kwanza karibu kila mara ni jirani. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara kikitokea Bugolora, wenye mitumbwi ya pale pale ndio walioanza kuvuta watu. Watu 228 walipoteza maisha, na waliopona ni 41. Ndege ya abiria ilipoangukia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi waliokuwa karibu ndio waliofika mwanzo, na kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walitoka hai. Jirani anajitolea hata bila kuambiwa. Tunachoomba ni kwamba kujitolea huko kuanze mapema zaidi, kabla chombo hakijasukumwa majini, na kuwe na utaratibu.

Kazi ya kwanza ya kikundi, na kwa maoni yetu iliyo kubwa kuliko zote, ni daftari la kutoka na kurudi. Daftari la kurasa 200 la mistari linatosha mwalo wa kawaida, yaani mahali vyombo vya wavuvi vinapotokea na kurudi, kwa miezi mingi. Kila chombo kinapotoka andika namba au jina lake na rangi yake, jina la nahodha, idadi ya watu waliomo, namba ya simu ya nahodha na ya ndugu mmoja aliyebaki nchi kavu, aina ya mashine, lita za petroli, upande anaoelekea (taja kisiwa, mwamba au kambi, usiandike "ziwani"), saa ya kutoka na saa anayotarajia kurudi. Rangi ya chombo wengi huiruka. Lakini usiku wa kutafuta, au asubuhi mwalo wa jirani unapopiga simu kusema kuna mtumbwi umeonekana unaelea tupu, rangi ndiyo itakayokwambia ni wa nani.

Daftari lisilo na saa ya kushtuka ni karatasi tu. Sisi tunapendekeza hivi. Chombo kikichelewa saa moja, mwandishi anampigia nahodha, asipompata anampigia ndugu. Kikichelewa saa mbili, anapiga simu mialo yote ya jirani upande ule alioelekea, kwa sababu wengi wanaochelewa wamehamishwa na upepo na wako salama kambi nyingine. Kikichelewa saa tatu bila habari, anamjulisha mwenyekiti wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni) na Polisi Wanamaji, anapiga 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na boti ya kikundi inaandaliwa. Kama saa hizo zinaangukia jioni, zipunguzwe. Jua likishazama kutafuta kichwa cha mtu kwenye mawimbi ni kazi ngumu mno. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni na kurudi kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, kwa hiyo daftari lao lifungwe saa tatu asubuhi, na kila mstari uwe na alama ya kurudi. Mstari ulio wazi saa tatu ndio unaoanza kupigiwa simu.

Sasa hapa ndipo vikundi vingi vinapovunjikia, na ndiyo sababu hasa ya kuandika barua hii. Daftari linaanza vizuri, wiki ya tatu wavuvi wanaanza kukwepa, wiki ya sita limebaki na majina ya watu wanne. Sababu si uvivu. Mtu aliyeshika daftari la usalama ndiye huyo huyo anayeandika ushuru wa samaki, au ndiye anayefuatana na doria ya kukamata zana haramu za uvuvi kama makokoro na nyavu za timba. Mvuvi akijua kwamba alichoandika leo jioni kuhusu upande anaokwenda kitamletea doria usiku, au kitahesabiwa kesho kama safari ya kulipiwa, atadanganya au atatokea upande wa pili wa mawe. Na aliyedanganya mahali anapokwenda ni hatari zaidi kuliko asiyeandikwa, kwa sababu mtamtafuta kaskazini naye amepinduka mashariki.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaitambua BMU, na kulinda rasilimali ni kazi yake halali. Hatupingani na doria. Tunasema watu wawe tofauti, daftari liwe tofauti, na meza iwe tofauti. Mkutano wa kijiji uandike kwenye muhtasari kwamba daftari la usalama halitatumika kukadiria ushuru wala kama ushahidi wa kosa la uvuvi, na muhtasari huo ubandikwe ukutani mwaloni. Hata mwenye chombo kisicho na leseni aandikwe bila maneno, maana naye ana watu ndani ya mtumbwi.

Jaketi okozi ni jambo la pili, na hapa tutakaa kidogo. Kuwa na majaketi kwenye chombo hakutoshi, na mengi tunayoyaona hayawezi kumwinua mtu. Soma lebo iliyo ndani. Namba inayoambatana na herufi N ndiyo nguvu ya kuelea. 50 N ni ya mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. 100 N, ambayo ni kama kuinua kilo 10, inafaa maji ya karibu na pwani. Kwa wanaokwenda mbali, 150 N ndiyo ya kutafuta. Lisilo na lebo lipimwe majini, mtu akiwa amelivaa, kwenye maji ya kifua, na mwenzake pembeni.

Kuna majaketi yanayoshonwa kwa kitambaa cha rangi ya chungwa na kujazwa sponji ya godoro. Kwa macho huwezi kuyatofautisha. Sponji ya godoro hunyonya maji, na baada ya muda mfupi jaketi linageuka mzigo. Kulijua ni rahisi: lizamishe kwenye pipa la maji chini ya jiwe kwa saa moja, kisha litoe na ulipime mkononi. Likiwa zito na linachuruzika maji bila kuisha, lichanwe hapo hapo, lisirudishwe stoo, kwa sababu likirudi stoo litavaliwa. Jaketi zuri nalo linakufa. Jua hupausha kitambaa na kukata nyuzi. Vuta kwa nguvu kitambaa cha begani, kikichanika limekwisha. Bonyeza povu la ndani kwa kidole gumba, na likibaki na shimo bila kuinuka limechoka. Wanaolikalia kama mto, na wanaolihifadhi chini ya kiti penye petroli iliyomwagika, ndio wanaolimaliza mapema. Lisafishwe kwa maji safi, likaushwe kivulini, litundikwe.

La mtoto huchaguliwa kwa kilo zake, na liwe na mkanda unaopita katikati ya mapaja. Mvalishe, mwambie ainue mikono juu, kisha shika jaketi mabegani ulivute. Likipanda hadi masikioni, majini litamvuka kichwa. Tafadhali mama zetu, msimfunge mtoto mgongoni kwa kanga halafu mkavaa jaketi juu yenu wote wawili. Chombo kikipinduka mtoto atabaki chini ya maji na kanga haifunguki kwa haraka. Mtoto avae lake, abebwe mbele mikononi. Na kila jaketi lifungiwe filimbi kwa uzi. Sauti ya mtu aliyechoka haifiki mbali, filimbi inafika.

Kuhusu shehena, kikundi kichore mstari wa rangi ubavuni mwa kila mtumbwi wa abiria, chombo kikiwa kimepakiwa vizuri kwenye maji tulivu. Kipimo chetu kwa mitumbwi ya kawaida ya mbao ni kwamba kutoka kwenye maji hadi ukingo pabaki si chini ya urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole, panapopungua kuliko pote. Mstari ukizama, mzigo unashuka au mtu anashuka. Haubishaniwi kila safari upya, na hilo ndilo faida ya rangi, kwamba kijana wa kikundi haingii kwenye ugomvi na nahodha mwenye umri wa baba yake. Anaonyesha mstari tu.

Maji yanayoingia ndani wengi huyadharau. Ndoo kumi za lita 20 ni kilo 200, sawa na kubeba watu watatu wazima, tena watu wasiotulia, kwa sababu chombo kikilala kidogo maji yote hukimbilia upande ulioshuka na kuusukuma zaidi. Vyombo vingi havipinduliwi na wimbi moja kubwa. Hujaa kidogo kidogo kupitia nafasi za mbao ambazo pamba ya kuziba imeoza, hadi wimbi la kawaida linapomaliza kazi. Kila chombo kiwe na ndoo mbili za kukumbia maji zilizofungwa kamba. Na wakati wa kufika, abiria wakae hadi kamba ifungwe gatini. Watu wote wakisimama na kwenda upande mmoja kushuka, hata chombo kikubwa kinalala.

Mashine. Nyingi za hapa ni za kuchanganya oili na petroli, na kipimo chake cha kawaida ni 50 kwa 1: lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Chupa ndogo ya maji iliyochorwa mstari inatosha kuwa kipimo. Wanaopima kwa macho wakizidisha, plagi huloa masizi na mashine huzima katikati ya ziwa. Wakipunguza, pistoni hukwama na hakuna fundi wa kuifungua majini. Petroli igawanywe theluthi tatu, yaani ya kwenda, ya kurudi na ya akiba. Mashine ya HP 15 ikivutwa hadi mwisho hunywa lita 6 au zaidi kwa saa, kwa hiyo dumu moja la lita 20 si safari ya kuvuka kwenda visiwa vya mbali. Kikopo cha vifaa kiwe na plagi mbili mpya, spana ya plagi, pini mbili za pangaboi (feni inayosukuma chombo majini), kamba ya kuvutia, koleo, kitambaa kisafi cha kuchujia petroli, na tochi. Juu ya yote makasia mawili, hata kama mashine ni mpya.

Mashine ikiwaka, tazama kitundu cha nyuma kinachorusha maji ya kupozea. Maji yasipotoka, zima. Mara nyingi ni gugumaji au mfuko wa plastiki umeziba njia ya maji chini. Nayo ile kamba fupi ya kuzimia mashine ifungwe mkononi mwa nahodha. Imekuwa desturi kuifunga kwenye mpini wa mashine ili isisumbue. Nahodha akirushwa nje na wimbi, chombo huzunguka na kumrudia yeye mwenyewe na pangaboi likiwa linakata.

Hali ya hewa ya ziwa hili ina tabia yake, na anayejitolea aielewe ili aweze kumweleza mtu. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka. Ziwa limezungukwa na ardhi pande zote, hivyo pepo za usiku kutoka Bukoba, Mwanza, Musoma, Kisumu na Entebbe huelekea katikati, zinakutana, hewa yenye unyevu inapanda na radi zinazaliwa kati ya usiku wa manane na alfajiri. Ndizo saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Mtu anayetoka jioni kwa sababu anga ni safi anatazama saa isiyo yake.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa kila siku, wenye upepo, mawimbi na ngurumo. Kikundi kiwe na mtu wa zamu anayeupokea kwa simu na kuuandika ubaoni kwa chaki kabla ya saa kumi jioni, kwa herufi kubwa: upepo kutoka wapi na kwa nguvu gani, wimbi mita ngapi, radi ipo au haipo, na kuanzia saa ngapi. Mtumbwi wa mita 6 au 7 usitoke penye wimbi la mita 1 na kupanda. Kwa radi, hesabu sekunde kutoka mwako hadi mngurumo ugawe kwa 3, upate kilomita. Ikiwa chini ya sekunde 30, hakuna kutoka, na subirini nusu saa baada ya mngurumo wa mwisho. Mliokwisha kushikwa majini, vaeni majaketi mapema, punguzeni mwendo, elekezeni mbele ya chombo kwenye wimbi kwa mshazari kidogo, msikubali ubavu upigwe. Mashine ikizima, fungeni rundo la nyavu kwenye kamba ndefu mliteremshe kutoka mbele ya chombo. Litaburuza majini na kukigeuza chombo kikabiliane na upepo. Nyavu zinauma kupotea, tunajua bei yake, lakini zikifungwa vizuri mara nyingi hurudi.

Sasa uokoaji wenyewe. Anayejitolea asiruke majini kwa moyo wa huruma. Anayezama hushika chochote, na tunapoteza wawili. Mfikie kwa kasia. Asipofikika, mrushie dumu la lita 20 lililofungwa kifuniko, lenye lita moja ya maji ndani ili lisichukuliwe na upepo, likiwa na mita 25 za kamba ya manila ya plastiki inayoelea. Boti ya uokoaji iende na watu watatu, ambao ni nahodha, mrusha kamba na mshikaji. Nao waandikwe kwenye daftari kabla ya kutoka. Mkaribieni mtu mkikabili upepo, mashine izimwe kabla hajagusa chombo, avutwe kwa ubavuni mbali na pangaboi. Katika kutafuta, anzeni mahali alipojulikana mara ya mwisho, mfuate upepo unakoelekea, na kila baada ya dakika tano zimeni mashine msikilize. Filimbi haisikiki mbele ya mashine inayonguruma. Waliopinduka nao wabaki na chombo chao, kwa sababu mtumbwi wa mbao hata ukijaa maji huelea na huonekana kutoka mbali, na anayejaribu kuogelea kwenda taa anazoziona nchi kavu karibu kila mara amekosea umbali.

Aliyetolewa majini hapumui asining'inizwe kichwa chini, asikandamizwe tumbo, asilazwe juu ya pipa. Dakika zinazopotea hapo ndizo za uhai wake. Alazwe chali mahali pagumu, kidevu kiinuliwe, pua ibanwe, apuliziwe pumzi 5 mdomoni. Kisha akandamizwe katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimeta 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2, tena 30, bila kuacha mpaka apumue au mganga afike. Na aliyezinduka apelekwe zahanati hata akisema yuko sawa, kwa kuwa mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumsumbua saa kadhaa baadaye.

Kikundi cha mwalo mmoja kinahitaji watu 12 hadi 15, ili zamu ya daftari isimwangukie mtu mmoja kila usiku mpaka achoke. Si lazima wawe waogeleaji. Kwa maoni yetu waandishi bora wa daftari ni kina mama waanika dagaa na mama lishe, kwa sababu wako mwaloni jioni mitumbwi inapotoka na asubuhi inaporudi, na hawana mkono katika doria. Kwa halmashauri tunaomba mambo matatu tu: barua yenye mhuri inayotenga daftari la usalama na ushuru, petroli ya akiba lita 40 inayofungiwa kwa mtendaji wa kijiji na kutiwa saini inapotoka, na ruhusa kwa mhudumu wa zahanati kuja kufundisha kukandamiza kifua mara moja kila miezi mitatu. Hatuombi posho. Kikundi kilichoanza kwa posho huisha siku posho inapochelewa.

Anayetaka kujiunga amwone mwenyekiti wa BMU wa mwalo wake siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa wamepumzika nchi kavu. Ndizo siku za kupima majaketi majini na kuchora mistari kwenye vyombo, kabla giza halijarudi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wanakikundi wa kujitolea wa mwaloni,
Ukerewe, Mwanza